Mbwa mkubwa wa depo hasikii tena: namna ya kutafuta mfundishaji anayejua kazi



Kuko swali moja linalorudi rudi kwenye mikutano. Koperative imejenga depo, imeweka ndani mahindi, maharagwe ao kahawa ya parche, kisha ikatafuta mbwa wa kusaidia zamu usiku. Mara nyingi mbwa huyo alifika akiwa tayari mkubwa, zawadi ya mtu aliyehamia mjini, ao alikomalia pale pale depo bila mtu wa kumwangalia. Sasa ana miaka mitatu ao mine. Anakimbiza mbuzi wa majirani, anarukia mama anayeshusha gunia, na siku ya kupima mazao wanamemba wanasimama inje ya lupango, wanaogopa kuingia. Siku moja anauma mtoto, na siku hiyo kamati inagawanyika. Wengine wanasema auawe. Wengine wanasema afungwe nyororo mchana na usiku. Na hakukosi mzee mmoja wa kuleta methali ya samaki mkunje angali mbichi, maana yake huyu amekwisha kukauka.

Samaki ni samaki. Mbwa mkubwa anaweza kufundishwa, hata mwenye miaka saba. Ni kweli kwamba kipindi cha kumzoeza watu na vitu vya dunia ni cha utoto, kati ya juma la 3 na la 14 hivi tangu kuzaliwa, na mbwa asiyeona watu wengi wakati ule anaweza kuwa na woga maisha yake yote. Lakini kuja akiitwa, kukaa chini, kuacha mbuzi, kurudi mahali pake: hayo anajifunza kwa umri wowote. Kigumu ni kuacha desturi aliyoizoea miaka mitatu, njo maana inafaa kutafuta mtu anayejua kazi, na kuwa macho juu wasiojua ni wengi.

Kwanza mujue kama ni tabia ao ni ugonjwa

Mbele ya kutafuta mwalimu, mutafute veterinere. Mbwa aliyekuwa mpole akageuka mkali kwa siku mbili tatu hana shida ya nidhamu. Vilevile mbwa mkali aliyegeuka rafiki wa kila mtu bila sababu. Kama mate yanamtoka mingi, taya la chini linaning'inia, sauti imebadilika, anatafuna mbao na mawe, miguu ya nyuma inalegea, musimkaribie. Mufunge mlango wa lupango, watoto waondoke, muite ofisi ya Ufugaji. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa, ile tunaita raje, na hakuna mfundishaji duniani wa kukitengeneza.

Mtu aliyeumwa asingoje kuona mbwa atakuwa namna gani. Kidonda kioshwe palepale kwa maji mingi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo tu, kisha siku hiyo hiyo aende kituo cha afya kuuliza chanjo. Dalili za raje zikiisha kuanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ikipatikana nafasi ya kumfunga mbwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa mzima siku ya 10, hakuwa na virusi ndani ya mate siku aliyouma. Njo maana si vizuri kumwua na kumzika haraka haraka: munazika pamoja naye jibu ambalo muganga alikuwa analihitaji. Na kama ameisha kufa ao kuuawa, veterinere ajue mbele ya kuzika.

Katika karibu visa vyote vya watu wanaokufa na raje duniani, 99 kwa 100, aliyeambukiza ni mbwa, na watoto wenye chini ya miaka 15 ni karibu 40 kwa 100 ya wanaokufa. Chanjo ya mbwa inazuia hayo yote. Mbwa 70 kati ya 100 wa kijiji wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Dunia ya kupigana na raje, na mahali pengine chanjo inatolewa bure ao kwa bei ndogo karibu na siku hiyo. Sekretere wa koperative aulize mapema. Aulize pia, mbele ya shida kufika, ni hopitali gani ya zone ya afya iko na chanjo ya watu. Kuitafuta wakati mtoto tayari ameumwa ni kuchelewa.

Kuko pia magonjwa madogo yanayoonekana kama ukaidi. Mbwa mwenye kidonda ndani ya sikio anauma mkono unaomgusa kichwa. Mwenye jino bovu ananguruma mbele ya sahani. Mwingine "hasikii" kwa sababu kweli ni kiziwi. Mwingine anaiba mayai juu ana njaa: zamu anapewa posho yake, lakini mbwa hakuwekwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Bukari na mabaki ya sombe asubuhi na jioni, na maji safi, vinaondoa nusu ya malalamiko ya majirani mbele hamjalipa mwalimu hata franka moja.

Fimbo inafundisha nini

Hapa tutakaa kidogo, juu hapa njo koperative nyingi zinapoteza feza. Mtu akifika na kusema atamnyoosha mbwa kwa fimbo, kamati inafurahi, kwa sababu matokeo yanaonekana siku ile ile: mbwa ananyamaza.

Tuangalie mbwa anafikiri nini. Mbwa anarudia kitu kilichomletea faida. Akikimbiza mbuzi, mbio yenyewe ni utamu, haihitaji zawadi nyingine, na kila mara anapokimbiza anazidi kupenda. Akibwekea mpita njia, mpita njia anaendelea na safari yake, lakini mbwa anahesabu kwamba ni yeye aliyemfukuza. Kesho atabweka zaidi. Akiruka juu ya mama mwenye gunia, mama anapiga kelele na kutupa mikono, na kwa mbwa aliyechoka kuikala peke yake ule ni mchezo.

Sasa fimbo inaingia. Mbwa anapigwa wakati mtoto anapita. Kwa akili yake, maumivu yamekuja pamoja na mtoto. Kesho akimwona mtoto anaogopa mbele, na mbwa mwenye woga ambaye amefungwa na hawezi kukimbia anauma. Tena, mbwa ana onyo lake: kunguruma, kuonyesha meno, kukaza mwili, kugeuza kichwa huku jicho linabaki kwako. Akipigwa kila anaponguruma, anaacha kunguruma. Kuuma hajaacha. Mtasikia watu wanasema "ile mbwa iliuma bila kusema kitu." Alikuwa anasema, akafundishwa kunyamaza.

Nyororo nayo ina hesabu yake. Mbwa anayefungwa kwenye nyororo mita mbili mchana na usiku hana namna ya kwenda mbali na kinachomwogopesha, njo anachagua kushambulia. Afazali lupango lililofungwa vizuri, hata la miti na matete, ao waya mrefu uliovutwa kati ya miti miwili na kamba inayotembea juu yake, na kivuli, na maji.

Chama cha waganga wa nyama wa Marekani wanaochunguza tabia (AVSAB), katika tamko lake la 2021, kilisema wazi kwamba mbwa wafundishwe kwa zawadi, hata wale wakali. Wengine kati yenu mutasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye mbwa wa kulala kitandani. Basi tuende Morogoro, Tanzania. Huko shirika la APOPO linafundisha panya wakubwa, panya buku, kunusa mabomu yaliyozikwa ndani ya udongo. Hakuna anayempiga panya. Akipata harufu anasikia mlio mdogo, anajua amefanya vizuri, anapewa kipande cha ndizi. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania na kutumika Kambodia, jina lake Magawa, alipewa medali ya zahabu na shirika la Uingereza PDSA mwaka 2020. Kama panya anatafuta bomu kwa ndizi, mbwa wa depo anaweza kuacha mbuzi kwa sambaza.

Wapi pa kumtafuta

Tuseme ukweli: katika teritware mingi hamutakuta nyumba iliyoandikwa "mwalimu wa mbwa". Muanze na veterinere wa teritware ao na inspeksio ya Kilimo, Uvuvi na Ufugaji kwenye provinsi, si kwa sababu wao wenyewe wanafundisha, lakini wanachanja mbwa za watu, wanajua nyumba gani mbwa wametulia na nani aliwashughulikia. Jina moja kutoka kwa veterinere linashinda matangazo kumi ya redio.

Kisha mujaribu mji mkubwa wa karibu. Kampuni za ulinzi ziko na watu wanaotembea na mbwa usiku, wale tunaita "maître-chien", na wamoja wao, ao waliokwisha kutoka kazini, wanakubali kazi za inje. Polisi na walinzi wa mbuga wa zamani pia. Ujuzi huo hauko wa wageni peke yao: ndani ya Mbuga ya Virunga, tangu 2011, walinzi Wakongomani wanatumika na mbwa wa kunusa nyayo za wawindaji haramu. Hatusemi muende kuomba mbuga ifundishe mbwa wenu, si kazi yake.

Lakini mwangalifu na hawa wa ulinzi. Wengi walijifunza kumtayarisha mbwa ashambulie. Depo haina haja ya mbwa wa kushambulia, iko na haja ya mbwa anayebweka mtu asiyejulikana akifika usiku, anayebaki ndani ya lupango, na anayenyamaza zamu akisema "basi". Na sheria iko wazi: Code Civil yetu, Kitabu cha 3, kifungu cha 261, inasema mwenye nyama, ao yule anayeitumikisha, njo anayebeba madeni ya hasara iliyofanywa na nyama hiyo, hata kama ilikuwa imetoroka. Mbwa wa depo akirarua mtoto wa jirani, mwenye kuitwa ni koperative. Zamu hatalipa peke yake.

Na wawindaji wa kijiji? Wale wanaofunga kengele ya mti kwa shingo la mbwa na kuingia naye porini wanajua mingi: namna ya kumwita mbwa aliye mbali, namna ya kusoma mkia na masikio. Munaweza kujifunza kwao. Lakini mbwa wa kuwinda anafundishwa kufuata kinachokimbia, na shida yenu ni mbwa asifuate kinachokimbia. Mueleze hilo tangu mwanzo.

Kumpima mbele ya kumlipa

Kazi hii yeyote anaweza kujiita mwalimu wake. Karatasi peke yake haitoshi, hata yenye mihuri mitatu. Mumuombe awaonyeshe mbwa mmoja aliyemfundisha, tena mbele ya mwenye mbwa. Musiangalie kama mbwa anatii. Muangalie anatii namna gani. Mwalimu akifika, mbwa anakuja mkia ukiwa huru? Ao anajikunyata, masikio nyuma, mkia kati ya miguu, analamba pua yake? Huyu wa pili anatii kwa woga, na siku mwalimu hayuko atarudi kwenye tabia zake.

Kisha mwalimu aje depo. Anayejua kazi ataanza na maulizo, mingi mpaka mutachoka. Mbwa aliuma nani, wapi, saa ngapi, mtu alikuwa anafanya nini? Alinguruma mbele? Anakula nini, nani anamlisha, analala wapi? Alichanjwa lini? Akifika tu na kushika kamba bila kuuliza kitu, mumshukuru na kumrudisha.

Mumuulize ninyi pia: "Mbwa akikosa, unafanya nini?" Jibu zuri litafanana na hili: ninamzuia asipate faida ya kosa, ninamwonyesha cha kufanya, ninamlipa akikifanya. Jibu baya ni orodha ya vyuma, ukanda wa shingo wenye miiba, kumnyima chakula siku mbili, kumning'iniza kwa kamba mpaka akose pumzi "ajue nani ni shefu". Anayeahidi kumaliza kwa siku tatu, ao anayesema "garanti, hatauma tena", hajui kazi ao anajua anadanganya. Hakuna anayeweza kuweka garanti juu ya kitu chenye roho na meno.

Wengine watasema: nipeni mbwa, nitakwenda naye mjini mwezi mmoja, nitamrudisha amekamilika. Inavutia, juu kamati haitasumbuka. Lakini mbwa hasafirishi somo kutoka mahali hadi mahali kama mtu. Aliyejifunza kukaa ndani ya lupango la mwalimu, kwa sauti ya mwalimu, akirudi depo kwenye mbuzi wale wale na watoto wale wale, anaanza karibu upya. Somo lifanyike pale ambapo shida iko.

Juu ya feza, usafiri mara nyingi utapita kazi yenyewe. Koperative mbili ao tatu za barabara moja zinaweza kumleta pamoja, kila moja na mbwa wake, na kugawa usafiri na chakula cha mwalimu. Mapatano yaandikwe: avansi ya usafiri, sehemu ya pili katikati ya kazi, sehemu ya mwisho mwezi mmoja baada ya masomo, wakati mwalimu amerudi kuona. Na kipimo cha malipo ya mwisho kiandikwe hivi: mbwa anamtii zamu, mwalimu akiwa amesimama mbali. Iandikwe pia nani atalipa hopitali mtu akiumwa wakati wa masomo.

Nani atashika kamba

Mwalimu mzuri atatumia saa kidogo na mbwa, saa nyingi na watu wenu. Zamu, jera, na mtu wa kumpokea zamu siku ya mapumziko, hao njo wanafunzi. Wakubaliane maneno. Kama zamu anasema "kuya", jera anasema "viens", na mtoto wa jera anasema kwa Kinande ao Mashi, mbwa anasikia kelele tu. Maneno manne ao matano yanatosha: jina lake, kuja, kaa, acha, mahali pako.

Masomo ni mafupi, dakika tano kufika kumi, mara tatu ao mine kwa siku, na zawadi ndogo sana: sambaza moja iliyokauka, kidole cha ndakala, kipande cha yai. Zawadi ifike ndani ya sekunde moja ao mbili, la sivyo mbwa hajui analipwa kwa nini. Wakati huo wote asipate nafasi ya kukimbiza mbuzi, hata mara moja. Kwa hiyo anatembea na kamba ndefu ya mita tano kufika kumi, na kwa siku za soko na za kupima mazao anavaa museliere, kile kikapu cha kufunika mdomo. Kiwe kipana, aweze kufungua mdomo, kuhema na kunywa, juu mbwa anapoza mwili kwa kuhema. Kamba iliyokazwa kuzunguka mdomo wakati wa jua inaweza kumuua. Azoezwe nacho pole pole, kwa kuwekewa chakula ndani yake siku kadhaa mbele ya kufungwa.

Watu wanauliza pia juu ya kumhasi dume. Inapunguza kutoroka kufuata majike, na mara nyingi kupigana na madume wengine. Mbwa anayeuma kwa woga haitamponya. Ifanywe na veterinere, kwa dawa ya kulaza, si kwa wembe wa jirani.

Kuko mbwa ambao hawatafaa. Aliyekwisha kuuma watu wengi, kwa kina, bila onyo, hawezi kubaki mahali watoto wanapita, na mwalimu wa kweli atawaambia hivyo siku ya kwanza, hata kama anapoteza kazi. Hapo veterinere amlaze kwa sindano. Musitumie nyama yenye sumu: inaua pia kuku, nguruwe na mbwa wa wengine, na mtoto anaweza kuiokota. Na musimtoe zawadi kwa kijiji cha ngambo bila kusema aliyoyafanya, kwa maana wao pia wako na watoto.

Mukichukua mtoto wa mbwa badala yake, achukuliwe akiwa na majuma 8 hivi, apelekwe kwa veterinere aseme tarehe ya chanjo ya raje, na tangu wiki ya kwanza aone mama wenye magunia, baiskeli, tshukudu, mbuzi na watoto wa shule, kila mara na kidogo cha kula. Jina la mtu wa kumlisha, na pesa za chakula chake, viandikwe ndani ya kitabu cha koperative mbele hajaletwa.